Ukurasa wa Mlango wa Abati

SHANGAZI KAPOTEZA MIWANI. MEZA YA SITA.

Ujumbe ulitua kwenye simu ya Desmond Pask saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, akiwa chumba cha chai, mkate wa bekoni mkononi.

Akausoma mara moja. Akaufuta.

Kwa lugha ya Mnara, ile ofisi ya London isiyo na kibao mlangoni, maana yake ilikuwa moja: adui yumo ndani, kakaa meza ya sita, na ikibidi kuua, ua.

Pask alikuwa na siku nne katika Hifadhi ya Nyaraka ya Kaunti, mjini Aldersby, akijifanya mtu wa kutafuta mababu zake. Siku nne tu, na alikwisha kujua siri za nusu ya kaunti. Chumba kile cha chai hakikuwa na haya. Mzee Tranter, dereva wa lori mstaafu, alikuwa amefukua katika vitabu vya parokia kwamba babu wa babu yake alifunga ndoa mbili, vijiji viwili, maili tatu tu katikati, na wake wote wawili walibatizisha watoto wiki moja. Bibi Maudsley, aliyekuwa akisaka damu ya kifalme tangu mwaka juzi, alikuwa amepata mwizi wa kondoo. Wenzake walimpongeza. Mwizi wa kondoo, walimwambia, angalau alikuwa anaamka asubuhi kwenda kazini.

Pask aliwapenda watu hawa. Mtu anayeweza kumsengenya maiti wa miaka mia mbili hawezi kukuchosha.

"Unaliacha hilo bekoni?" aliuliza Tranter.

"Kula wewe, mzee. Nimeona mtu ninayemjua."

Chumba cha wasomaji kilikuwa kimejaa, na kimya kama kanisa. Sheria zake zilijulikana. Begi unalifungia kabatini. Kalamu ya wino marufuku, penseli tu. Msimamizi, Bi Hester Cutforth, miaka sitini na moja, miwani kwenye mnyororo, hakuwa na upendeleo. Askofu, askari, jasusi, wote kwake ni watu wenye mikono michafu. Ndiyo maana bastola ya Pask, Glock 19, ilikuwa imelala ndani ya kabati namba ishirini na tatu, chini ya koti la mvua.

Alikuwa na penseli. Basi.

Meza ya sita alikaa kijana mwenye tai ya kijani. Mbele yake, juu ya mto wa sponji, kilifunguliwa Kitabu cha Hukumu za Wakaguzi wa Matuta, mwaka 1571. Ndimo mlimoandikwa nani alipaswa kutengeneza kipande gani cha tuta la bahari, na nani alitozwa faini kwa uvivu. Kijana alikuwa ameinama kama anayesali.

Mdomoni alikuwa na uzi.

Pask aliuona ukitoka, mrefu, wa sufu, umelowa mate. Kijana akaulaza kwenye mshono wa kitabu, akakifunika, akasubiri. Mbinu ya wezi wa ramani. Dakika tano, karatasi inalainika na kuachia yenyewe bila sauti.

Kikohozi kimoja. Ukurasa ukaingia ndani ya shati.

Kijana akainuka, akakirudisha kitabu kaunta, akatabasamu.

Bi Hester alikiweka juu ya mizani. Huo ulikuwa utaratibu wake, na wageni waliucheka: kila kitabu hupimwa kikitoka na hupimwa kikirudi, mpaka gramu. Akatazama mizani. Akatazama daftari.

"Kijana," alisema taratibu, "kuna gramu sita zangu. Ziko wapi?"

Kijana alimpiga kichwa.

Pua ya Bi Hester ilivunjika kwa mlio wa karoti. Bibi Maudsley, aliyekuwa anarudi na kikombe chake, alidondosha kikombe. Mlango mkubwa ulijifunga wenyewe kengele ilipolia, kama ulivyotengenezwa kufanya. Kijana aliona hapiti. Akageuka, akauvunja mlango wa wafanyakazi kwa bega, akatokomea kwenye ngazi za kushuka stoo.

Pask aliruka meza mbili.

Stoo ilikuwa baridi kama bucha. Makabati ya chuma, marefu kuliko mtu, yalipangwa juu ya reli, yamebanana ubavu kwa ubavu. Ukitaka kupita katikati, unazungusha gurudumu, na tani nane za karatasi zinasogea kama mlango wa benki.

Taa zilizimika.

Pask alisimama. Akasikiliza.

Pumzi. Kushoto.

Kisu kilimpata begani kabla hajageuka. Kisu cha kauri, kisicholia kwenye mashine za ukaguzi, chenye makali ya wembe. Kilifungua koti, shati na nyama. Pask alikamata mkono uliokishika, akaugongesha kwenye chuma, mara moja, mbili. Kisu hakikuanguka. Kijana alikuwa na nguvu, na alifundishwa vizuri. Goti lake lilipanda tumboni kwa Pask. Pumzi yote ikatoka.

Kisu kikaja tena, shingoni safari hii.

Pask akakipokea kwa penseli. Penseli ilipita katikati ya kiganja cha kijana na kutokea upande wa pili, na hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza. Akarudi nyuma. Hatua moja, mbili, akaingia kwenye nafasi katikati ya makabati.

Kosa kubwa.

Pask alishika gurudumu kwa mikono miwili akalizungusha. Kabati lilianza polepole, kama ng'ombe anayeamka, kisha likashika kasi. Kijana aliweka mikono kulizuia. Tani nane hazizuiliki kwa mikono. Mbavu zake zilivunjika moja moja. Pask alizihesabu kwa masikio.

Alipowasha taa kijana alikuwa bado hai, kwa kiasi. Damu puani. Mdomo umejaa.

Alikuwa anatafuna.

Pask alimbana taya, akaingiza vidole, akatoa donge la karatasi lililoloa. Nusu ilikwisha mezwa.

"Umechelewa, bwana," kijana alinong'ona, akicheka na mapovu mekundu. "Reuss anayo picha ya ukurasa tangu saa tatu."

Akafa na tai yake ikiwa imenyooka.

Anton Reuss. Mnara ulikuwa umemtafuta miaka sita. Pasipoti tatu, nchi hana. Anayemlipa ndiye nchi yake, mpaka mkataba uishe. Wiki mbili zilizopita serikali moja ya ng'ambo ilikuwa imempa kazi katika kaunti hii, na hakuna aliyejua kazi yenyewe. Walichojua ni kwamba alikuwa anataka kitabu kimoja cha zamani.

Sasa mwenye kitabu alikuwa amekaa kwenye ngazi na pamba puani.

"Bwana Barker," alisema Bi Hester. "Ndivyo ulivyojiandikisha. Lakini masikio hayo ni ya kina Pask wa Holmfleet, nimeyaona kwenye picha za harusi tangu mwaka 1880. Wewe ni mwana wa Doreen."

"Ndiyo, Bi Hester."

"Umelichafua kabati langu."

"Nisamehe. Ukurasa huo ulikuwa na nini?"

Alimweleza haraka, sauti ikipitia puani kama ya mtu mwenye mafua. Zamani za watawa, chini ya tuta la bahari la Holmfleet, palijengwa handaki la matofali lenye mlango wa mwaloni, la kutolea maji ya mabwawa. Uliitwa Mlango wa Abati, mkuu wa watawa hao. Mwaka 1571 wakaguzi waliamuru uzibwe. Ukazibwa, ukafukiwa, tuta likainuliwa juu yake, watu wakasahau. Tuta zima ni udongo mgumu, maili kumi na moja, hata bomu haliligusi. Pale tu pana uwazi, chini kwa chini, upana wa mkokoteni.

Pask hakuhitaji kuambiwa mengine. Jaza baruti humo, ngoja maji yajae, lipua. Bahari itafanya iliyobaki.

Na nyuma ya tuta kulikuwa na nini? Kituo kinachopokea umeme wa nyaya za chini ya bahari. Kikizama, theluthi ya nchi iko gizani. Na kabla ya kituo, mita mbili chini ya usawa wa bahari, kulikuwa na kijiji cha Holmfleet chenyewe. Watu elfu nne. Barabara moja.

Nyumba ya tatu baada ya kanisa dogo, ya matofali ya manjano, ilikuwa ya mama yake.

"Ukurasa umeliwa," alisema Pask. "Nitajuaje ni wapi?"

Bi Hester alimtazama kama anavyowatazama wanafunzi wa chuo kikuu.

"Mwanangu, tumeuchapisha."

Kule juu, kwenye rafu ya wazi ambayo kila mtu huipita akienda msalani, vilijipanga vitabu vya Chama cha Kumbukumbu cha Kaunti, jalada la kahawia, juzuu baada ya juzuu. Juzuu ya tisa, 1912, ilitayarishwa na Kasisi Aubrey Lisle. Bi Hester aliifungua bila kutazama orodha. Fito mia mbili na arobaini kutoka msalaba wa kanisa, kufuata tuta, kuelekea mashariki.

Ufito mmoja ni futi kumi na sita na nusu. Kila msomaji wa chumba kile anajua. Pask alipiga hesabu kwenye simu.

Mita elfu moja mia mbili na saba.

Alichukua Glock kabatini, akafunga bega kwa skafu ya Mzee Tranter, akatoka. Akiwa ndani ya Land Rover, maili tisini kwa saa, aliita London kwa jina lake la kazi.

"Mnara, Korongo hapa."

"Sema, Korongo." Sauti ya Bosi, mwanamke ambaye hakuna aliyewahi kumwona akila.

"Meza ya sita amelala. Lengo ni tuta la Holmfleet. Baruti, chini ya ardhi. Nina mahali."

"Saa?"

"Maji yakijaa. Saa nane na dakika arobaini. Leo ni bamvua, maji hupanda kupita kawaida, na upepo wa kaskazini unayasukuma."

Vitufe viligongwa upande wa pili.

"Nakupa askari wanane wenye silaha. Kuhamisha watu?"

"Hatuwamalizi. Barabara ni moja."

"Basi usikose."

Simu ya pili ilikuwa ngumu zaidi. Doreen Pask, miaka sabini na nane, nyonga mpya ya chuma, aliipokea katikati ya kelele za wanawake. Polisi walikuwa wamekuja kugonga wakimtaka ahame, alisema, vijana wazuri, wawili, amewapa chai na kuwarudisha walikotoka. Ni Alhamisi. Alhamisi wanawake wa kanisani huja kwake, leo wamefika kumi na wawili, keki iko ndani ya oveni, na bahari imekuwa nje ya mlango huu tangu azaliwe.

"Mama, nakuomba uondoke."

"Niondoke na nyumba imejaa watu? Desmond, nani amekulea wewe?"

Akakata.

Saa saba na robo Pask alikuwa juu ya tuta. Kushoto, bahari ya rangi ya chuma, ikipanda. Kulia, chini, mapaa ya Holmfleet, moshi mwembamba ukitoka kwenye mabomba. Askari wanane walimngoja nyuma ya kanisa na sajini wao, Ingleby, mtu mnene mwenye bunduki ya MP5 kifuani na mzaha kwa kila jambo.

Walipima kwa kipimo cha leza cha Leica kuanzia msalabani. Mita elfu moja mia mbili na saba iliwaangusha kando ya boma la zege la wakati wa vita. Nyasi. Mavi ya kondoo. Hakuna mtu.

"Tumewahi," alisema Ingleby. "Tujifiche tuwangoje."

Mbele kidogo, baada ya nyumba ya pampu, palionekana hema jeupe na watu watano wenye vizibao vya rangi ya machungwa, wakipepeta udongo kwenye chekeche. Wachimbaji wa mambo ya kale. Hapa hawapungui, kila kiangazi wako mahali wakipigia magoti kigae. Ingleby alikuwa ameshawaambia wawe wameondoka ifikapo saa nane, nao walisema wanakusanya vyombo.

Mmoja alimpungia Pask mkono.

Pask akapunga naye.

Wakalala kwenye nyasi. Saa saba na nusu. Saa nane kasoro robo. Maji yalimeza tope, yakameza majani ya chumvi, yakaanza kulamba mguu wa tuta. Saa nane. Hakuna boti, hakuna lori, hakuna Reuss. Ingleby aliuliza kama yule kijana wa stoo huenda alikuwa amewachezea. Pask alitazama saa. Bega lilikuwa linamdunda.

Saa nane na dakika nane, simu ikatetemeka.

Bi Hester. Nyuma yake Tranter na Maudsley walisikika wakibishana kwa minong'ono.

Kitabu kikiibiwa ukurasa, alisema, utaratibu ni kukikagua chote, jani kwa jani, kuona kama kuna jingine lililoguswa. Ndicho alichokuwa akifanya, na barafu puani. Akaanzia jani la kwanza. Jani la kwanza, miaka yote thelathini na minne ya kazi yake, hakuwahi kulisoma katika asili. Nani alisome? Kasisi Lisle kwenye juzuu yake ameweka mabano pale: maneno ya kawaida ya mwanzo, yameachwa.

"Si ya kawaida," alisema Bi Hester. "Kasisi alitoka kusini, hakuujua ufito wa hapa. Imeandikwa: vipimo vyote vya kitabu hiki ni kwa ufito wa bwawa. Futi kumi na nane."

Pask alikuwa ameshainua kichwa.

"Miaka zaidi ya mia tunaamini chapa," alisema Bi Hester. "Nimekutuma pasipo, mwanangu. Ongeza futi mia tatu na sitini."

Mita mia moja na kumi.

Alitazama mbele, kupita nyumba ya pampu.

Hema jeupe.

Na yule kijana wa tai ya kijani alikuwa na kitabu asili mikononi tangu saa tatu, jani la kwanza likiwemo.

"Ingleby," alisema Pask bila kugeuka. "Wale si wachimbaji."

Ingleby alijiinua kwa kiwiko atazame. Risasi ilimwingia chini ya jicho. Alianguka juu ya MP5 yake, na hakuwa na mzaha tena.

Kisha hema zima likawaka kwa risasi.

Bunduki mbili za rashasha, labda tatu. Udongo uliruka. Askari aliyekuwa kushoto alishika koo, akapiga mateke, akatulia. Wengine walijibu kutoka nyuma ya boma, lakini juu ya tuta hapana pa kujificha, ni nyasi fupi zilizochungwa na kondoo, kila anayenyanyuka anapigwa.

Saa nane na dakika kumi na tatu.

"Fyatueni bila kuacha," Pask aliwaambia kwenye redio ya Motorola. "Juu ya hema. Mimi napita baharini."

Aliteleza upande wa maji. Baridi ilimkamata kiunoni kama koleo. Alikimbia ameinama, miguu ikizama kwenye tope, mawimbi yakimgonga kwenye tuta na kumrudisha. Risasi zilipita juu yake zikilia. Mita thelathini. Hamsini. Kiatu kimoja kilibaki kwenye tope. Mita mia.

Alipanda kwa kucha.

Aliyempungia mkono alikuwa amepiga goti nyuma ya chekeche, anajaza risasi. Msichana mwenye nywele za shaba. Aliinua bunduki. Pask alimpiga mbili kifuani na moja usoni, akaruka maiti yake, akachana turubai kwa kisu cha kauri alichorithi asubuhi.

Ndani kulikuwa na wawili. Wa kwanza aligeuka akapokea kisu chini ya kidevu. Wa pili alimpiga Pask na beleshi mgongoni, na Glock ikaruka. Walibingirika juu ya udongo uliochimbuliwa. Jamaa alikuwa na uzito wa fahali na vidole gumba vyake vikatafuta macho. Pask alipata mkononi mwiko wa kuchimbia, ule mdogo wenye ncha. Akamchoma ubavuni. Tena. Tena. Hadi vidole vikalegea.

Nje, bunduki ya mwisho ilinyamaza. Askari walikuwa wamempata.

Katikati ya hema, shimo. Ngazi ya aluminiamu. Mwanga chini.

Saa nane na dakika ishirini na tisa.

Pask aliitafuta Glock. Haikuonekana. Akashuka bila hiyo.

Handaki la watawa lilikuwa zuri, hakuna budi kusema. Matofali membamba, tao lililokaa miaka mia tano bila kulalamika, na mwishoni mlango wa mwaloni, mweusi kama lami. Nyuma ya mlango huo ilikuwa bahari. Ilisikika. Maji yalipenya kwenye nyufa, yakafanya uji wa udongo hadi magotini. Mapipa manane ya bluu yalisimama kando ya ukuta, kila moja na baruti laini ya Semtex ndani na kiwashio kama penseli ya fedha kichwani, waya zote zikienda kwenye saa moja yenye tarakimu nyekundu.

10:52.

10:51.

"Mwana wa Doreen," ilisema sauti.

Anton Reuss alikuwa mtu mwembamba, mwenye mvi, buti za mpira za Hunter na mikono ya daktari. Alikuwa amemwelekezea bastola ya Walther, bila haraka.

"Nimekuwa nakunywa chai kijijini kwenu wiki nzima," alisema Reuss. "Watu wakarimu. Mama yako anaoka vizuri. Walinieleza kila kitu mpaka nikachoka kusikiliza."

"Hukuwaeleza unachokuja kufanya."

"Hawakuuliza. Walitaka tu kujua kama nimeoa."

Akafyatua.

Pask alikuwa ameshajitupa. Risasi ilichimba paja. Ya pili iligonga tofali, vipande vikamwingia usoni. Alimfikia Reuss kiunoni, wakaanguka pamoja ndani ya uji, na bastola ikazama.

Hapakuwa na ufundi tena. Reuss aliuma. Pask alipiga kichwa. Reuss alimchimba kidole ndani ya jeraha la bega, na Pask alisikia mtu akilia akajua ni yeye. Wakageuka. Reuss akawa juu, mkono wake ukamsukuma Pask uso ndani ya tope. Mdomo ukajaa. Masikio yakajaa. Kifua kikawaka.

Kule kijijini, nyuma ya tuta, wanawake kumi na watatu walikuwa wanakata keki.

Pask alimshika Reuss korodani, akaviringa kama anayekamua nguo.

Reuss akapaa. Pask akatoka kwenye tope, akamkalia mgongoni, akamshika nywele kwa mikono miwili, akamrudisha kule alikotoka yeye. Mikono ya daktari ilipiga, ilikwaruza, ilitafuta kitu cha kushika. Udongo wa Holmfleet hauna cha kushika. Pask alihesabu. Sitini. Tisini. Mia moja na ishirini. Mapovu yalikoma kwenye themanini, lakini hakutaka ubishi.

Saa nyekundu ilisema 3:20.

Kuizima hakujua. Lakini kiwashio kikitoka ndani ya Semtex, Semtex ni unga wa kufinyangia tu. Alichomoa cha kwanza akakitupa mbali kwenye maji. Cha pili. Cha tatu. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Cha nne, cha tano. Maji yalifika pajani, mlango wa mwaloni ulikuwa unalia kama meli. Cha sita. Cha saba.

Cha nane kiligoma.

0:19.

Alikizungusha. Kilikuwa kimepigwa pembeni, kimekwama. Alikiuma kwa meno akavuta kwa shingo nzima. Kikatoka na kipande cha jino.

0:04.

Akakitupa.

Vyote vinane vililipuka pamoja, kama fataki za harusi. Kipande cha fedha kiliondoka na ncha ya sikio lake, lile la kina Pask. Matofali yalimwagika vumbi. Tao likatetemeka.

Likasimama.

Pask alikaa ndani ya tope, mgongo kwenye ukuta wa watawa, akaisikiliza bahari ikigonga mlango, ikigonga, kisha, polepole sana, ikipunguza.

Aliwapisha askari waliokuwa wanashuka na tochi, akapanda.

"Korongo, Mnara. Unanipata?"

"Nakupata, Bosi."

"Hali?"

"Reuss amekufa. Baruti salama. Tumepoteza wawili, mmoja ni Ingleby. Tuta limesimama."

"Na wewe?"

"Nina kiatu kimoja."

"Gari linakuja kukuchukua."

"Nitatembea."

Akampigia Bi Hester maana alistahili. Pask hakusema asante, wala Bi Hester hakuuliza nani kafa. Aliuliza donge la karatasi liko wapi. Kwenye mfuko wa koti, Pask alimwambia, limeloa damu na maji ya chumvi. Asilikaushe kwa moto, Bi Hester alimwonya, na asilikunjue mwenyewe. Alikuwa ameshaandika kikaratasi cha masahihisho, alisema, cha kubandika kwenye juzuu ya tisa. Mzee Tranter alikuwa anakoroga gundi.

Njia ya kushuka kutoka kwenye tuta inapita nyuma ya kanisa dogo, kisha mbele ya nyumba tatu. Pask alichechemea, damu ikimshuka kwenye soksi, tope likikauka usoni. Kwenye nyumba ya tatu dirisha lilikuwa limepata ukungu kwa joto la watu. Mle ndani walikuwa wamekaa mpaka kwenye mikono ya viti. Mtu alikuwa anasimulia kitu, sahani zimesimama hewani, na Doreen, amesimama katikati na birika, alicheka mpaka akashika nyonga yake ya chuma.

Pask alitazama mikono yake. Akatazama kizingiti cheupe, kilichosuguliwa asubuhi.

Akainua kola ya koti, akaendelea na njia.